Mapitio ya shule za meno: hesabu viti kabla ya kusoma brosha

Mwenye PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) nzuri akiulizwa kwa nini amejaza chuo fulani cha udaktari wa meno, atataja jina la chuo, ada na jiji. Viti hatavitaja, na viti ndivyo anavyovilipia. Udaktari wa meno ni kazi ya mkono: miaka mitano darasani bila saa za kutosha kwenye kiti cha mgonjwa inamtoa mtu mwenye cheti ambaye gego la mwisho la juu linamtetemesha. Kwa hiyo kipimo cha mapitio haya ni kimoja. Mkono wako utakaa saa ngapi ndani ya kinywa cha mtu, na jicho la mwalimu liko juu yake?

Tumalize kwanza suala la majina, maana linawapotezea watu muda. Tanzania shahada inaitwa DDS (Doctor of Dental Surgery). Kenya na Uganda ni BDS (Bachelor of Dental Surgery), India pia BDS. Wapo wanaoamini DDS ni kubwa kuliko BDS kwa sababu ina neno «daktari» ndani yake. Hapana. Zote ni shahada za kwanza zinazokufanya daktari wa meno. DDS ilianzia Baltimore, Marekani, kwenye chuo cha meno kilichofunguliwa 1840. BDS ni desturi ya Kiingereza. Hata Marekani kwenyewe vyuo vingine hutoa DDS na vingine DMD, na kazi ni ileile.

Muhimbili ndiyo kongwe kwa Tanzania. Mafunzo yalianza 1979 ndani ya Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2007 yako chini ya MUHAS, chuo kikuu kinachojitegemea pale Upanga. Ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa intanshipu. Ili kuingia, mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) umekuwa ukitaka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wenye jumla ya pointi zisizopungua 6, yaani D tatu. Usidanganyike na 6. Hicho ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba, na nafasi zinagombaniwa na wenye pointi nyingi zaidi ya hizo. Soma mwongozo wa mwaka wako, wala si picha iliyosambazwa WhatsApp na kaka aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Kinachoipa Muhimbili thamani ambayo chuo cha nje hakiwezi kukuuzia ni vinywa vya Watanzania. Mtu aliyekulia Arusha au Kilimanjaro anakuja na meno ya kahawia, madoa ya floraidi ya maji ya kisima; daktari asiyeyazoea atayachukulia kuwa yameoza na kuanza kuyatoboa. Mtoto analetwa akiwa hana chonge, au chonge limeota limepinda, kwa sababu alipokuwa mchanga aliharisha na kupata homa, fizi ikaonekana imevimba, wakaambiwa ana «meno ya nailoni» na kifuko cha jino kikachimbuliwa kwa kifaa kisichotakaswa. Kuna uvimbe wa taya uliokaa miaka kabla ya kufika hospitali, ukubwa ambao mwanafunzi wa Ulaya atauona kitabuni tu. Ukitaka kufanya kazi Tabora au Songea, huo ndio mtaala.

Kuna na historia ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Mbinu ya ART, ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya glasi ionoma bila umeme wala drili, ilianzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikitoka kwenye shule hii ya Dar es Salaam, na leo inatumika duniani. Ukifika chuo chochote, uliza kama ART inafundishwa kwa vitendo au inapitwa kwa slaidi mbili, kwa sababu ina mitego yake. Poda na kimiminika huchanganywa upesi, ndani ya nusu dakika hivi, na mchanganyiko lazima uingie kwenye tundu ungali unang'aa. Mng'ao ukipotea, saruji haishiki tena kwenye jino. Itakaa wiki chache na kutoka nzima kama punje ya mahindi. Joto la Dar linaufupisha muda huo zaidi. Mwenye uzoefu huchanganyia kwenye kipande cha kioo kilichopozwa na kukaushwa vizuri, husukuma saruji kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha humtaka mgonjwa asitafune upande huo kwa saa moja. Kosa la pili ni kuacha uozo laini kwenye kuta za pembeni. Chini karibu na moyo wa jino unaweza kuacha tabaka jembamba kwa makusudi. Pembeni, kwenye mpaka wa enameli, pawe safi kabisa, la sivyo maji ya mate yatapita na uozo utaendelea chini ya kizibo.

Maabara ya kabla ya kliniki ndiko shule nzuri na mbaya zinakoachana. Ukienda kutembelea, omba uonyeshwe vichwa bandia: kichwa cha plastiki kilichofungwa kwenye meza au kiti, ndani yake taya lenye meno 32 ya kubadilisha, wenyewe wanaliita taipodonti. Idadi ya vichwa pekee haitoshi. Vingi vinaweza kuwepo na nusu yake hewa ya kuendeshea drili haifiki. Angalia kama kila kichwa kina drili inayozunguka, maji yanayotoka kwenye ncha yake, na taa. Drili ya kasi inafika mizunguko 300,000 hadi 400,000 kwa dakika; bila maji, joto linaunguza moyo wa jino. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye drili kavu anazoea kubonyeza kwa nguvu, na tabia hiyo inamfuata hadi kwa mgonjwa.

Uliza pia ni meno mangapi ya plastiki anayopewa mwanafunzi kwa mwaka na nani anayalipia. Jino likishatobolewa halirudi. Chuo kinachotoa machache humlazimisha mwanafunzi kufanya zoezi mara moja na kupewa alama, wakati tundu la daraja la pili (lile linaloanzia juu ya gego na kushuka ubavuni linapogusana na jirani yake) linahitaji kurudiwa mara kumi kabla ya mkono kulielewa. Vipimo vyenyewe si siri. Kwa amalgamu (kizibo cha madini chenye zebaki), kina cha milimita 1.5 hadi 2, upana wa njia ya katikati kama robo ya umbali kati ya vilele viwili vya jino. Ncha ya drili namba 330 ina urefu wa kukatia wa kama milimita 1.5, hivyo ukiizamisha yote umepata kina. Unaitumia kama rula. Kinachoharibika karibu kila mara ni jirani: ncha inapita ubavuni na kukwaruza jino zima lililo karibu, ambalo baadaye litaoza palepale. Dawa yake ni kuweka utepe mwembamba wa chuma kati ya meno hayo mawili kabla ya kuanza. Mwalimu anayewaacha wanafunzi wakate bila utepe anawatengenezea wateja wa kesho.

Maandalizi ya kofia ya jino ni mtihani mwingine. Unapunguza juu milimita 1.5 hadi 2, na kuta ziegemee ndani kidogo sana, jumla ya nyuzi 6 hivi vitabuni. Wanaoanza huvuka 20 bila kujijua, jino linakuwa kama piramidi na kofia inachomoka na ugali. Sababu ni kwamba wanainamisha mkono kila wanapohamia upande mwingine. Mkono ubaki ulivyo; unachohamisha ni ncha, ikiwa imesimama kwenye mhimili uleule.

Na kioo. Ugumu wa mwaka wa tatu ni kufanya kazi kwenye meno ya juu kwa kutazama kioo kidogo, ambapo mbele ni nyuma na maji ya drili yanakifunika. Chuo kizuri kinakulazimisha kioo tangu wiki ya kwanza. Kinachokuruhusu kuinama na kuchungulia kinakuandalia maumivu ya shingo ya miaka thelathini. Mwenye mkono wa kushoto aulize mapema kama vichwa na viti vinaweza kugeuzwa. Vingi vimefungwa kwa anayetumia mkono wa kulia, anayekaa kuanzia namba 9 hadi namba 12 ya uso wa saa kuzunguka kichwa cha mgonjwa.

Vitu vidogo vinatoboa siri za shule. Aljineti, poda ya kuchukulia nakala ya meno, huganda kwa dakika tatu au nne ikiwa maji yana nyuzi 20 hadi 23. Maji ya bomba ya Dar mwezi Februari yamevuka hapo sana, na wanafunzi hubaki na bakuli la mpira mgumu kabla hawajafika mdomoni. Maabara yenye jokofu la maji ya kuchanganyia ina mtu anayefikiri. Kipimo nacho kikitoka mdomoni kimiminiwe plasta ndani ya dakika 10 hadi 15, au kifunikwe kwa karatasi yenye unyevu. Kikiachwa mezani mpaka baada ya chakula cha mchana kinasinyaa, na meno bandia yatakayotengenezwa juu yake hayatakaa. Mazoezi ya kusafisha mizizi nayo yanahitaji meno ya kweli yaliyong'olewa. Uliza yanahifadhiwaje. Yasiyo na amalgamu hutakaswa kwenye otoklevu (mashine ya mvuke wa shinikizo) kwa dakika 40. Yenye amalgamu hayaingii kabisa, yanatoa mvuke wa zebaki, hayo hulowekwa kwenye formalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili. Fundi wa maabara akikujibu hili bila kusita, uko mahali pazuri. Kopo la meno kwenye maji ya bomba ni jibu pia.

Halafu kliniki. Kila shule ina orodha ya kazi ambazo mwanafunzi lazima azikamilishe kabla ya mtihani wa mwisho: kung'oa, kuziba, mizizi, meno bandia ya kuvaa, kofia, watoto, usafishaji wa ukoga. Kung'oa hakutakusumbua popote Afrika Mashariki, kwa kuwa watu huja jino likishauma usiku wa tatu. Kinachowachelewesha wanafunzi ni mizizi, kofia na meno bandia kamili, kwani mgonjwa lazima arudi mara tatu hadi tano, alipe, na apate nauli. Anakuja mara ya kwanza, maumivu yanaisha, hapokei tena simu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tano, mbali na masikio ya mkuu wa idara, ni hili: kazi ipi inawakwamisha, na mwaka jana wangapi walirudia rotesheni (zamu ya kliniki) kwa kukosa wagonjwa? Swali lingine muhimu: gharama ya mgonjwa wa mwanafunzi imepunguzwa au ni sawa na ya mtaani? Kama ni sawa, mgonjwa hana sababu ya kuvumilia saa mbili za mwanafunzi ilhali kliniki ya jirani inamaliza kwa dakika arobaini.

Hesabu viti vinavyofanya kazi siku hiyo, gawanya kwa wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano. Kiti kimoja kwa wawili, mmoja akitibu na mwingine akisaidia, ni hali njema. Wanne kwa kiti ni kusimama na kutazama. Kwa walimu, tukiulizwa, mmoja kwa wanafunzi wanane ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo mgonjwa anakaa kinywa wazi, ganzi inaisha, huku mwanafunzi akisubiri sahihi ya kuendelea. Uliza kuhusu kompresa pia, mashine inayosukuma hewa kwenye viti. Kompresa ikifa, viti ishirini vyote vinakufa pamoja, na chuo kisicho na ya akiba kinapoteza wiki.

Usafi wa vifaa uangalie kwa macho yako. Kila drili itakaswe baada ya kila mgonjwa, ikiwa ndani ya pakiti, iliyopakwa mafuta kwanza. Kuifuta kwa spiriti hakutoshi, kwa sababu drili hufyonza mate ndani inaposimama. Pakiti iwe na alama iliyobadilika rangi na tarehe. Ukikuta drili tano kwa viti kumi na tano, piga hesabu mwenyewe ya kinachofanyika kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Amalgamu yenyewe inapungua duniani tangu Mkataba wa Minamata wa 2013, kwa hiyo shule isiyokupa saa za kutosha za kompositi, kizibo cha rangi ya jino, inakufundishia kliniki inayofungwa. Kompositi haisamehi unyevu. Uliza kama mpira wa kuzungushia jino unatumika kweli au umehifadhiwa kabatini.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina faida ya kuwa na hospitali yake ya meno, barabara ya Argwings Kodhek, mbali kidogo na msongamano wa hospitali kuu. Eldoret kuna Chuo Kikuu cha Moi, Kampala kuna Makerere na hospitali ya Mulago. Zote ni miaka mitano. Kwa Kenya, atakayesoma ajue kwamba shahada haimalizi safari: mgogoro wa posho za madaktari walio intanshipu, ile Sh 206,400 kwa mwezi ya makubaliano ya 2017 dhidi ya 70,000 iliyotaka serikali, uliingia katikati ya mgomo wa 2024 na kuwaacha wahitimu wakisubiri, madaktari wa meno wakiwamo. Weka akiba ya mwaka.

Nje ya Afrika Mashariki, mawakala wanauza zaidi India, China, Uturuki na Urusi. India ina vyuo vya meno zaidi ya 300, na hapo ndipo tatizo: viko vyenye foleni ya wagonjwa tangu alfajiri, na viko vyenye majengo ya marumaru na viti vinavyong'aa kwa kuwa havikaliwi. Mpangilio wao ni miaka minne ya masomo na mmoja wa intanshipu. Kinachosahauliwa ni lugha. Darasani ni Kiingereza. Kwenye kiti bibi anaeleza maumivu kwa Kikannada au Kitamili. Huwezi kuchukua historia ya ugonjwa, mwenzako mwenyeji anachukua, na polepole yeye anakuwa daktari na wewe msaidizi. China, Uturuki na Urusi hali ni hiyohiyo. Muulize wakala jambo moja: mwanafunzi wa kigeni anang'oa kwa mkono wake, au anaangalia? Akianza kuzungumzia hosteli, una jibu lako.

Karatasi zitangulie ndege. Mtanzania achukue cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU kabla ya kuondoka, na aandikie Baraza la Madaktari Tanganyika kuuliza, kwa chuo hichohicho na si nchi tu, kama shahada yake itasajiliwa na kama intanshipu ya kule itahesabiwa au ataifanya upya nyumbani. Jibu liwe la maandishi. Wanaoliacha hili hadi wamehitimu ndio unaowaona wakizunguka na bahasha.

Kwa wanaowaza kufika mbali zaidi, Muhimbili au Nairobi hazikufungii mlango wala hazikufungulii peke yake. Uingereza ni mtihani wa ORE wa sehemu mbili. Marekani ni mtihani wa INBDE, na majimbo mengi yatakutaka urudi chuoni kwa miaka miwili hadi mitatu. Kanada kuna njia ya ulinganisho ya NDEB, bodi yao ya mitihani ya meno. Zote zinapima mkono kwenye kichwa bandia au zinakurudisha kwenye maabara, kwa hiyo tunarudi kulekule kwenye viti.

Asiyefikisha pointi asidharau stashahada ya miaka mitatu ya utabibu wa meno inayoingiwa kwa sayansi za kidato cha nne. Vituo vya afya vya wilayani vinasimama kwa watu hawa, na wanang'oa na kuziba kuliko wengi wenye shahada.

Kuhusu kununua vifaa: mwaka wa kwanza usinunue chochote zaidi ya koti na kisu cha nta. Miwani ya kukuza ya mara 2.5 inatosha, lakini hupimwa kwa umbali wa macho na wa kufanyia kazi, na mkao wako utabadilika hadi mwaka wa tatu, hivyo ya mapema ni hasara. Drili ya mtumba ijaribu kwa kuishika ncha na kuivuta: ikicheza, beringi zimekwisha, ikichomoka, iache hapohapo, kwa sababu siku moja itachomokea kooni mwa mtu.

Na kabla hujajaza fomu, nunua mche wa sabuni ya kufulia. Kwa miaka mingi mtihani wa kuingia vyuo vya meno Kanada ulikuwa na sehemu ya kuchonga sabuni. Jino la mbele la juu lina urefu wa kama milimita 23.5, kichwa 10.5 na mzizi 13, upana 8.5, unene 7. Zidisha mara tatu: 70.5, 25.5, 21. Chora sura ya mbele upande mmoja wa kipande na sura ya ubavu upande mwingine, kata ya kwanza moja kwa moja hadi nyuma, kisha ya pili, ndipo uzungushe pembe. Anayeanza kuzungusha mapema hupata yai. Pima kwa rula kila baada ya hatua. Ukikosea kwa zaidi ya milimita moja, anza na kipande kingine. Ukichonga vitatu jioni moja na bado unataka cha nne, jaza fomu.